Kifuko cha Kuku na Mtoto wa Washington

Karibu na mkia wa kuku mchanga kuna kifuko kidogo. Fabricius, mwalimu wa anatomia kule Italia, alikieleza katika kitabu kilichotoka 1621, yeye mwenyewe akiwa tayari kaburini. Kwa miaka zaidi ya 300 hakuna aliyejua kina kazi gani.

Miaka ya 1950, Bruce Glick, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliwatoa vifaranga kifuko hicho aone kitakachotokea. Wapi! Wakakua tu. Kisha mwenzake, Timothy Chang, akataka kuku wa kuonyesha darasa jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili. Akaazima wa Glick, akawadunga bakteria za Salmonella. Baadhi wakafa, na waliopona hawakuwa na kingamwili. Mwingine angesema somo limeharibika, basi. Hawa wakauliza mbona. Jarida la Science likakataa makala yao, ikatoka 1956 kwenye jarida la mambo ya kuku, Poultry Science. Leo ile B ya "seli B" inatokana na kifuko hicho, bursa.

Sisi binadamu hatuna bursa. Seli B zetu hutoka kwenye uboho wa mifupa. Lakini kuna watoto wanaoishi kama wale kuku. Mwaka 1952, Washington, daktari Ogden Bruton alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyeugua nimonia tena na tena. Damu yake haikuwa na kingamwili. Bruton akawa anamdunga za watu wengine kila mwezi, na mtoto akapata nafuu.

Sababu ilijulikana 1993: jeni moja mbovu, inayopaswa kutengeneza protini iitwayo BTK. Fikiria matatu. Kipokezi kilicho juu ya seli B kikiguswa, protini za ndani huamshana moja baada ya nyingine, kama makanga anavyogonga bodi ili dereva ang'oe. BTK ni mmoja wa wagongaji. Bila yeye seli changa hukwama ubohoni, hazikomai. Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana wanaougua karibu wote ni wavulana, na mama anaweza kuibeba bila hata kukohoa.

Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha ibrutinib, dawa ya kuizima BTK hiyohiyo, kwa wagonjwa wa saratani ambayo seli B zao hazijui kusimama. Wavulana waliozaliwa bila BTK, wao bado wanaishi kwa kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya wachangiaji.