Peni Mbili za Michael Banks

Nilikuwa darasa la nne nilipoitazama Mary Poppins kwa mara ya kwanza, katika kanda ya video iliyokwisha kuchakaa, sebuleni kwa shangazi yangu Mombasa. Kiingereza changu hakikutosha kufuata mazungumzo, lakini nyimbo nilizishika zote. Kwa hiyo muendelezo wake, Mary Poppins Returns, ulipotoka Desemba 2018, nilimchukua binti yangu tukaenda kuutazama. Nakiri bila haya, ndugu msomaji, kwamba niliufurahia. Alipotokea mzee Dick Van Dyke, aliyekwisha kuvuka miaka 90, akapanda juu ya meza na kucheza, machozi yalinilenga.

Njiani kurudi nyumbani binti yangu akauliza: “Baba, zile peni mbili zilizaana vipi?” Sikuweza kumjibu kwa sentensi moja.

Filamu ya kwanza, ya mwaka 1964, inasimulia London ya 1910. Bwana Banks anampeleka mwanawe Michael benki akaweke akiba ya peni mbili. Mtoto anataka kuzitumia kununua chakula cha ndege kwa bibi kizee aketiye kwenye ngazi za kanisa la St Paul. Wakuu wa benki wanamwimbia yale ambayo fedha zake zitayatenda: reli barani Afrika, mabwawa katika mto Nile, mashamba ya chai. Mtoto anapiga kelele arudishiwe peni zake, wateja wanaingiwa na hofu, na wote wanakimbilia kutoa amana zao.

Utotoni wimbo huo ulinichosha. Leo, nikiwa mwalimu wa historia, ndio ninaousikiliza kwa makini kuliko zote, kwa kuwa sisi ndio tunaotajwa humo.

Mwaka 1910 orodha ile haikuwa ndoto. Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika 1902. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na kufika Ziwa Victoria 1901. Ni kweli kwamba haikujengwa kwa akiba za watoto: Bunge la Uingereza ndilo lililoidhinisha fedha, na gharama ikapita pauni milioni 5. Lakini gharama nyingine hazikuandikwa katika daftari la London. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Wanandi waliipinga kwa miaka mingi, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905 katika mkutano alioitiwa kwa jina la amani. Mwaka uleule reli ilipofika ziwani ikaja pia kodi ya kibanda. Aliyetaka fedha za kuilipa ilimbidi auze mazao, mifugo, au nguvu za mikono yake.

Muendelezo unatupeleka miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Michael sasa ni mtu mzima aliyefiwa na mkewe, ana watoto watatu na deni la benki ileile iliyomwajiri baba yake. Asipolipa, nyumba itakwenda. Dada yake Jane ni mtetezi wa wafanyakazi, kama vile mama yao alivyopigania kura ya wanawake, haki ambayo Waingereza waliikamilisha mwaka 1928. Mwishoni inabainika kwamba zile peni mbili ziliwekwa benki baada ya yote, zikakua, na sasa zinatosha kulifuta deni. Ukumbi wetu ulipiga makofi, nami nikapiga.

Hapo ndipo furaha yangu ilipoingia dosari. Filamu ya kwanza ilimpa haki mtoto aliyetaka kumsaidia bibi kizee; ya pili imeirudisha haki hiyo kwa benki. Tena wimbo wenye orodha haupo. Tunaambiwa fedha zilikua, hatuambiwi zilikulia wapi. Mabenki ya 1910 walau waliimba waziwazi. Jane naye anawatetea wafanyakazi wa London, wala hakuna dokezo kwamba mwaka 1939 makuli wa bandari za Mombasa na Dar es Salaam wangegoma kwa sababu zilezile.

Wapo wanafunzi wangu watakaosema basi tusizitazame filamu hizi. Sikubaliani nao. Bila kanda ile ya shangazi nisingalikuwa na wimbo wa kuudadisi. Kupenda kitu hakutuzuii kukiuliza maswali.

Na swali la binti yangu si la Waingereza peke yao. Reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, imejengwa kwa mkopo wa China, nasi pia tuliimbiwa orodha ndefu ya yale ambayo fedha hizo zingetuletea. Ninyi mlioko maofisini, mnaoandika taarifa za miradi, hamkosi kuzijua orodha hizo. Nawaombeni mwongeze mstari mmoja: nani atalipa, na kwa jasho gani.

Binti yangu nilimweleza hayo yote, kwa maneno mepesi zaidi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na yule bibi wa ndege, yeye alipata ngapi?”