Nikabu na uraia (Kenya)

Nikabu ni vazi la baadhi ya wanawake Waislamu linalofunika uso na kuacha macho wazi. Katika kaunti za Kitui na Makueni Waislamu ni wachache, wakiwemo wakazi wa miji kama Mwingi, kwenye barabara ya Thika–Garissa.

Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa dini. Ibara ya 15 inamruhusu mgeni aliyeishi nchini kihalali miaka 7 mfululizo kuomba uraia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamtaka pia ajue Kiswahili au lugha ya wenyeji, mfano Kikamba. Picha ya kitambulisho huonyesha uso mzima, hivyo nikabu huvuliwa. Hijabu, yaani mtandio wa kichwa, inaweza kubaki kichwani.

Kwa kulinganisha, nchini Kanada, agizo la 2011 la kuvua nikabu wakati wa kiapo cha uraia lilibatilishwa mahakamani mwaka 2015.