Majina 19

Nilikuwa darasa la sita nilipoiona Black Hawk Down mara ya kwanza, kwenye kibanda cha video sokoni Ifo. Kiingilio shilingi kumi, mabati yanachoma, watoto tumebanana kwenye mabenchi, na hakukuwa na DJ wa kututafsiria. Hatukumhitaji. Kila Mmarekani alipomwangusha mtu tulishangilia, na karibu sisi sote mle ndani wazazi wetu walitoka Somalia.

Ridley Scott aliitoa mwaka 2001, kutoka kwa kitabu cha Mark Bowden kuhusu mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 3 na 4, 1993. Aliipiga Morocco. Osman Atto, tajiri aliyekuwa karibu na Jenerali Aidid, anaigizwa na Mwingereza. Atto mwenyewe alikuja kulalamika: sigara zile havuti, hereni havai, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Ushujaa wa askari siukatai. Gordon na Shughart waliomba wenyewe kushushwa wamlinde rubani Durant, wakafa pale. Lakini mwangalie Grimes, yule karani wa kutengeneza kahawa anayeingia vitani siku hiyo na kutoka shujaa. Jina hilo ni la kubuni. Askari wa kweli, John Stebbins, alipewa nishani ya Silver Star, halafu mwaka 2000 akahukumiwa miaka 30 jela kwa kumnajisi mtoto. Filamu ikachukua ushujaa, ikaacha jina. Kumbe maisha ya askari hukatwa kama kitambaa kwa fundi.

Kilichokatwa zaidi ni Julai 12. Filamu inaanza na maandishi kuhusu wanajeshi 24 wa Pakistan waliouawa Juni, sawa, ni kweli. Haisemi kwamba Julai helikopta za Marekani zilirusha makombora kwenye nyumba walimokuwa wamekutana wazee wa ukoo wa Habar Gidir, wakafa makumi ya watu. Umati ukawageukia waandishi waliofika kupiga picha, ukawaua wanne: Dan Eldon, Hansi Krauss, na Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia. Bila siku hiyo, watu wa Oktoba wanaonekana wamezaliwa tu na hasira.

Mwaka nilioacha chuo, karo imeisha, niliirudia filamu hiyo kwenye laptopu nikiwa na abti, kaka wa mama. Oktoba ile alikuwa Mogadishu, akiuza chai karibu na soko la Bakaara. Alitazama kimya, akinywa shaah, akicheka Kisomali chao kila kikitamkwa. Mwishoni yakaja maandishi: Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa, na Wamarekani 19. Kisha majina ya wale 19, moja baada ya jingine.

"Simamisha," akasema.

Nikasimamisha.

"Na hao elfu?"

Nikamwambia hapo hakuna kitu, abti, ni namba tu. Akaomba daftari. Kuandika hajui vizuri, kwa hiyo alitaja, mimi nikaandika: jina lake, la baba, la babu, na mtaa alioangukia. Watano walitoka haraka. Wa sita alikuwa kijana aliyemletea maji kila asubuhi. Abti alifumba macho muda mrefu, mwisho akanipa jina la utani tu.