Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, kilo za lengo ziachwe lini?

Ukishuka kwenye daladala Mbagala Rangi Tatu, Manzese au Tegeta, hukosi kumwona kijana amekaa pembeni ya barabara na mizani yake. Unampa sarafu zako, unapanda, unasoma namba, unaondoka. Kwa wengi wetu mambo yanaishia hapo. Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, namba ile inaweza kuwa bosi wa nyumba. Inaamua leo atakula au hatakula, na atacheka au atanuna.

Makala hii inahusu swali ambalo watu hao hulibeba kimyakimya: nimeambiwa nifike kilo fulani, nimeshuka sana lakini sijafika, na sasa mizani imegoma. Niendelee kukazana, au nimeshafika?

Msikilizaji wa kijijini anaweza kusema hayo ni mambo ya watu wa Dar es Salaam. Sawa, lakini dada yako yuko Temeke, shangazi yako yuko Kinondoni, na Desemba wanakuja nyumbani. Wewe ndiye utakayemwambia "mbona umekwisha hivyo?" au "bado kidogo tu umalizie." Maneno yako yatamfika.

Tulipofikia

Kwa miaka mingi, Mtanzania aliyetaka upasuaji huu alilazimika kufikiria India au nchi nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, kule nje ya jiji ukifuata Barabara ya Morogoro, ilianza huduma ya kuweka puto tumboni ili mtu ashibe mapema. Baadaye ukafuata upasuaji wenyewe wa kupunguza mfuko wa chakula. Mkurugenzi mtendaji wa Muhimbili wakati huo alikuwa Profesa Mohamed Janabi, yule ambaye maelezo yake kuhusu ulaji yamezunguka sana kwenye simu zetu.

Puto na upasuaji si kitu kimoja. Puto ni la muda. Mara nyingi hukaa miezi 6, mengine hadi mwaka, kisha hutolewa. Upasuaji ni wa kudumu. Unaofanywa zaidi duniani ni ule wa kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki kama mrija mwembamba. Mwingine hutengeneza mfuko mdogo na kuuunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato.

Uhitaji upo. Utafiti uliofanyika wilayani Kinondoni na kuchapishwa mwaka 2011 uliwapima watu wazima 1,249. Wanene kupita kiasi walikuwa asilimia 19.2. Kwa wanawake peke yao ilikuwa asilimia 24.7, yaani karibu mmoja kati ya kila wanne.

Namba ya lengo inatoka wapi

Kwa kawaida inatoka kwenye hesabu ya urefu. Unachukua uzito kwa kilo, unaugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 24.9 unaitwa wa kawaida, 25 hadi 29.9 umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Hesabu hiyo, inayoitwa BMI, msingi wake ni kazi ya Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa hesabu na takwimu wa karne ya 19. Hakuwa daktari. Alikuwa anatafuta wastani wa watu wengi kwa pamoja, wala hakuwa na habari za mgonjwa mmoja aliyetoka chumba cha upasuaji.

Hatusemi hesabu hiyo haina maana. Madaktari huitumia kuamua nani anafaa kufanyiwa upasuaji, na hapo inasaidia. Tatizo linaanza pale inapogeuzwa kuwa mstari wa kumalizia mbio.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mbagala, tumpe urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 120 kabla ya upasuaji. BMI yake ni karibu 47. Ili afike 25, mwisho wa "kawaida," anatakiwa awe na kilo 64. Kwa hiyo kwenye daftari lake ameandika 64, na pengine binti yake ameiweka kwenye simu kabisa.

Sasa tuangalie upasuaji wenyewe huwapeleka watu wapi. Kwa wastani, mtu hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake wote, na sehemu kubwa huondoka mwaka wa kwanza. Tumpe mama huyu asilimia 30, ambayo ni matokeo mazuri. Ni kilo 36. Atafika kilo 84, na BMI yake itakuwa karibu 33, ambayo kwenye chati bado inaitwa unene uliopitiliza.

Soma tena hapo, msikilizaji. Upasuaji umefanya kazi yake vizuri, mgonjwa amefanya kazi yake vizuri, na daftari linasema ameshindwa kwa kilo 20.

Mwili una mahali pa kusimama

Miezi ya kwanza uzito huporomoka. Nguo zinapwaya, jirani wanashangaa. Kufikia mwezi wa 6 kasi inapungua. Wengi hufikia uzito wao wa chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 18, wengine hadi miaka 2. Baada ya hapo ni kawaida kilo chache kurudi.

Sababu ni ya kimaumbile. Mwili mdogo unatumia nguvu kidogo kuliko mwili mkubwa, kama pikipiki na lori. Pia mwili unapoona akiba inapungua, unabana matumizi na kuongeza njaa taratibu. Upasuaji hupunguza homoni ya njaa inayotoka kwenye mfuko wa chakula, lakini mwili haukosi njia nyingine za kujilinda. Kwa hiyo mizani ikisimama mwezi wa 16, haina maana kwamba mtu ameanza uzembe.

Sweden ilianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wanene, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Waliofanyiwa ule upasuaji wa njia ya mkato walipoteza kwa wastani asilimia 32 ya uzito ndani ya mwaka 1 hadi 2. Baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na punguzo la asilimia 25. Kwa mama yetu wa Mbagala hiyo ingekuwa kilo 90. Lakini kundi zima la waliopasuliwa lilikuwa na vifo vichache kuliko kundi ambalo halikupasuliwa. Walirudisha kilo kadhaa na bado waliishi zaidi.

Kabla ya kusema umefika

Tusiharakishe hata hivyo. Kuna kusimama kwa mwili, na kuna kusimama kwa sababu inayoweza kurekebishwa. Mfuko mdogo unazuia ugali mwingi, hauzuii soda. Juisi ya miwa, chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, uji mtamu, aiskrimu, vyote vinapita vizuri tu na vinajaza nguvu bila kushibisha. Kudonoadonoa karanga na kashata kutwa nzima ni vilevile. Mtu anayekula hivyo mwezi wa 8 na kusema "mwili umegoma" anajidanganya, na tunasema hivi kwa upendo.

Dawa nazo zinaweza kuchangia. Insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 zinaweza kuongeza uzito kwa baadhi ya watu. Usiache dawa yoyote mwenyewe. Muulize daktari kama ipo nyingine.

Uzito ukisimama wiki 3 au 4 katika mwaka wa kwanza, huko ni kupumzika tu, wengi huendelea tena. Lakini kama umepita mwaka mmoja na nusu, uzito umekaa palepale kwa miezi 4 hadi 6, unakula ulivyofundishwa na unatembea, basi ni wakati wa kukaa na daktari na kuuliza swali la makala hii.

Swali hilo mizani haiwezi kulijibu peke yake. Presha iko wapi? Sukari imeshuka? Dawa zilizokuwa 4 sasa ni ngapi? Usiku unalala bila kukoroma na kukatika pumzi? Magoti yanapanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu? Kushuka kwa asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito tayari huanza kuboresha presha na sukari, na mama yetu alipita hapo alipopoteza kilo 12 za kwanza. Kama haya yote yamenyooka, kilo 20 zilizobaki zinatafutiwa nini?

Ngozi nayo isisahaulike. Aliyepungua kilo nyingi hubaki na ngozi iliyolegea tumboni, mikononi na mapajani, na ina uzito wake. Hakuna kufunga kula kunakoiondoa. Ni upasuaji mwingine tu. Wapo wanaojinyima chakula ili kupunguza kitu ambacho si mafuta.

Bei ikizidi

Hapa ndipo tunapoomba usikilize kwa makini. Mtu anayefukuza namba ambayo mwili umeikataa huanza kukata kile kidogo anachokula. Mlo mmoja kwa siku, maji ya ndimu asubuhi, dawa za kukondesha za kununua mtandaoni. Mwili uliopasuliwa hauna akiba ya kuvumilia hayo. Kwa kawaida unahitaji gramu 60 au zaidi za protini kila siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo bila samaki, dagaa, maharage, kuku au mtindi huwezi kufika. Protini ikikosekana, kinacholiwa ni misuli. Mizani inashuka, mtu anafurahi, kumbe anapoteza nguvu za kunyanyua ndoo.

Nywele kukatika kati ya mwezi wa 3 na wa 6 huwapata wengi na hukoma. Lakini kizunguzungu kila ukisimama, kuchoka kusikoisha, kusikia baridi wakati wenzako wanajipepea, hedhi kukatika bila mimba, au kuogopa kula mbele ya watu, hizo ni dalili kwamba lengo limeanza kukugharimu. Na kutapika mfululizo kwa siku kadhaa ni dharura. Vitamini B1 huisha haraka, na ganzi miguuni, kuyumba au kuona vitu viwiliviwili vikifuata, mishipa ya fahamu na ubongo vinaweza kuharibika moja kwa moja. Nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie ulifanyiwa upasuaji wa tumbo.

Maneno ya watu

Kwetu mwembamba wa ghafla anapewa ugonjwa kabla hajasalimiwa. "Ana sukari," "ana ule ugonjwa," "ndoa inamtesa." Kuna waliorudisha kula ovyo ili tu maneno yakome. Na kuna upande wa pili: mume, shoga wa saluni au kaka mwenye utani anayesema "na hela yote ile, bado bonge!" Wote hawa hawajui presha yake imesomaje asubuhi.

Tungeshauri aliyepasuliwa achague watu wawili au watatu wa kuwaeleza ukweli, akiwemo mmoja wa nyumbani kijijini. Huyo ndiye atakayemtetea mbele ya sinia la pilau. Na ninyi wenyeji, mgeni wenu akila vijiko 5 na kipande cha samaki, ameshiba kweli. Hajadharau chakula chenu. Msimlazimishe maji au soda katikati ya kula pia, maana hushauriwa kunywa nusu saa baada ya chakula.

Mizani ikishawekwa pembeni

Daktari akikubali kwamba umefika, jambo moja linabadilika: huhitaji tena kushuka, unahitaji kutorudi juu sana. Weka kiwango badala ya namba moja. Kwa mama wa Mbagala inaweza kuwa kati ya 82 na 88. Anapima mara moja kwa wiki au kwa mwezi, mizani ileile, asubuhi. Akipita 88 na kubaki huko, anarudi kliniki mapema, hasubiri 100.

Vidonge havina mwisho. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D vinaendelea maisha yote, na damu hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja; achanisha kwa saa 2. Chai ya rangi wakati wa chakula nayo hupunguza chuma kinachoingia mwilini, kwa hiyo isubiri kidogo. Mwanamke anayetaka mtoto anashauriwa angoje miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na ajue kwamba mimba hushika kirahisi zaidi mtu akishapungua, hata kwa aliyekaa miaka bila kupata.

Presha na sukari si lazima uzifuate Mloganzila. Mwananyamala, Temeke au zahanati ya kijijini kwenu wanaweza kupima. Andika majibu kwenye daftari lilelile lililoandikwa 64, tarehe pembeni, na siku ya kliniki daktari alione kabla hujapanda kwenye mizani yake.