Wakaazi wa Ndani: Mbung'o, Mbu na Vijidudu Vyao katika Maji ya Remba

Kisiwa cha Remba, chenye miamba na mabanda ya mabati yaliyosongamana hadi karibu na maji, kimo katika sehemu ya Kenya ya Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay, na safari za mashua hukiunganisha na Mfangano, Rusinga na Mbita kwa upande mmoja, na Migingo pamoja na ufuko wa Migori kwa upande mwingine. Habari zake zimezoeleka kuandikwa kwa kufuata samaki: namna wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania walivyokusanyika hapo kwa ajili ya sangara, ambaye Waluo humwita mbuta, na kwa ajili ya omena wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Maji hayo hayo, hata hivyo, yana historia nyingine iliyoandikwa kwa vifo, kwa kuhamishwa kwa watu na baadaye kwa utafiti, nayo ni historia ya wadudu wanaouma. Historia hiyo haieleweki sawasawa ikiwa mdudu atachukuliwa kuwa kiumbe mmoja tu, kwa sababu mbung'o na mbu wa ukanda huu hubeba ndani ya miili yao vijidudu vingi ambavyo kwa sehemu ndivyo huamua kama mdudu ataishi, kama atazaa, na kama ataweza kumwambukiza binadamu ugonjwa.

Mkusanyiko huo wa vijidudu, yaani bakteria, kuvu na viumbe vingine visivyoonekana bila hadubini, ambavyo hukaa pamoja katika utumbo, viungo vya uzazi au seli za mdudu, wataalamu huuita jumuiya ya vijidudu, na mdudu anayevihifadhi huitwa mwenyeji. Baadhi ya wakaazi hao hupita tu pamoja na chakula. Wengine wamekaa na wenyeji wao kwa mamilioni ya miaka, kiasi kwamba hakuna upande hata mmoja kati ya hizo mbili unaoweza kuendelea peke yake.

Elimu hii haikuanza kwa udadisi wa maabara bali kwa msiba. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo nchini Uganda, Albert Cook na nduguye Jack, waliripoti wagonjwa wa malale, ugonjwa ambao ulikuwa umeanza kuteketeza watu wa Busoga na visiwa vya kaskazini mwa ziwa. Mwaka uliofuata Royal Society ya London ilituma tume, ambamo Aldo Castellani aliona tripanosoma, kimelea cha seli moja chenye umbo la uzi, katika majimaji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kwamba kimelea hicho huenezwa na mbung'o wa kando ya maji. Kufikia wakati huo msiba ulikuwa umeenea, na hesabu zinazokubalika husema kwamba upande wa Uganda peke yake ulipoteza zaidi ya watu 200,000 katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Serikali ya kikoloni chini ya gavana Hesketh Bell iliamua kuwaondoa watu kutoka ufuko na visiwa vya Uganda, kazi iliyofanywa hasa kati ya 1906 na 1909, na jamii zilizokuwa zikiishi kwa uvuvi zikatengwa na ziwa lao kwa nguvu.

Uamuzi huo ulisimama juu ya picha rahisi: kuna mdudu, kuna kimelea, kuna mtu, basi mtenge mtu na mdudu na maambukizo yatakatika. Picha hiyo haikuwa ya uongo, lakini iliacha jambo moja bila kuelezwa, nalo ni kwamba mbung'o wengi hawabebi tripanosoma wa malale hata wanapoishi katikati ya ugonjwa. Mara nyingi wanaokutwa na kimelea kilichokomaa katika tezi za mate hawafiki mmoja kati ya mia. Mbung'o karibu wote, basi, humshinda mgeni huyo, na swali la nini huwasaidia lilihitaji mtu wa kuchungulia utumbo wao.

Mtu huyo alikuwa Vincent Wigglesworth, mwanafiziolojia wa Uingereza ambaye mwaka 1929 alichapisha uchunguzi juu ya mmeng'enyo wa chakula wa mbung'o, akaeleza kwamba mwanzoni mwa utumbo wa kati kuna kundi la seli kubwa zilizojaa vijidudu vinavyofanana na bakteria. Mwanazuoni wa Ufaransa, Emile Roubaud, alikuwa ameviona vijidudu hivyo kabla yake, naye alidhani kwamba vina kazi katika lishe. Dhana hiyo ilikuja kuthibitika, na sababu yake ni chakula chenyewe: mbung'o, dume kwa jike, hunywa damu tu maisha yake yote, na damu, ingawa ina protini nyingi, ina upungufu wa vitamini za kundi B ambazo hakuna mnyama awezaye kuzikosa. Bakteria waliomo katika seli zile huzitengeneza vitamini hizo. Katika miaka ya 1970 majaribio yalionyesha kwamba mbung'o aliyepewa dawa ya kuua bakteria hao huendelea kuishi kwa kiasi fulani lakini huwa tasa, na utasa huo hupungua akiongezewa vitamini katika damu anayolishwa.

Mwaka 1995 bakteria hao walipewa jina la kisayansi la *Wigglesworthia glossinidia* na Serap Aksoy, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, kwa heshima ya mwanasayansi yule, na mwaka 2002 ulichapishwa mpangilio kamili wa vinasaba vyao, ambao una herufi za kikemia zipatazo 700,000 tu, wakati bakteria wa kawaida wa utumbo wa binadamu, *Escherichia coli*, wana zaidi ya 4,000,000. Maisha marefu ndani ya mwenyeji yamewapotezea mengi yaliyowawezesha kujitegemea, lakini sehemu za kutengeneza vitamini zimebaki, na hapo ndipo inapoonekana wazi kwamba mdudu na bakteria wamegawana kazi.

Namna jumuiya hii inavyoundwa ni ya kustaajabisha kuliko hata kazi yake. Tofauti na wadudu walio wengi, mbung'o jike hatagi mayai mamia kwa mamia bali hulea buu mmoja kwa wakati ndani ya tumbo la uzazi, humlisha kwa majimaji ya tezi maalumu ambayo watafiti huyaita maziwa, na humzaa akiwa tayari kujifukia ardhini kuwa pupa. Bakteria hupita ndani ya maziwa hayo, kwa hiyo kila kizazi hurithi vijidudu vya mama, na mbung'o anayetoka ardhini huwa na wakaazi wake wa msingi kabla hajauma mnyama yeyote. Aksoy na wenzake walionyesha pia kwamba buu aliyekua bila *Wigglesworthia* huwa mbung'o mwenye kinga dhaifu, mwenye upungufu wa seli za ulinzi katika damu yake na utando usiokamilika wa kuzuia vimelea utumboni, naye hupokea tripanosoma kwa urahisi zaidi. Jibu la swali lililoachwa na ugunduzi wa 1903 kwa hiyo limo, kwa sehemu, katika maziwa ya mbung'o.

Kiungo kati ya Wigglesworth na pwani inayoitazama Remba ni mtu wa karibu zaidi. Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa mwaka 1931, alisoma Cambridge chini ya Wigglesworth, akarudi Kenya, na mwaka 1970 akaanzisha Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kinachofahamika kwa jina la icipe. Tawi lake la Mbita, kwenye mlango bahari unaoitenganisha Rusinga na bara, leo linabeba jina la Odhiambo. Inafaa kulipima jambo hili kwa uzito wake: ukanda uliokuwa umetembelewa na tume za ng'ambo kuja kuhesabu wafu ulipata taasisi iliyoasisiwa na Mwafrika, iliyokaa hapo hapo, na iliyochukua mdudu wa mahali pale kuwa somo la kudumu na si dharura ya msimu mmoja.

Umuhimu wa kukaa ulijidhihirisha katika Bonde la Lambwe, nyuma ya Mbita, ambako malale yaliibuka tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, safari hii yakienezwa na mbung'o wa vichakani, *Glossina pallidipes*, katika eneo ambalo mwaka 1983 lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Katika miaka hiyo hiyo Ian Maudlin na David Ellis walieleza, mwaka 1985, kwamba mbung'o wenye aina ya pili ya bakteria hupata tripanosoma kwa urahisi kuliko wasiokuwa nayo. Bakteria hao, walioitwa baadaye *Sodalis glossinidius*, hurithiwa pia kwa njia ya maziwa. Ndani ya mdudu mmoja, basi, huweza kuwamo mkaazi anayejenga kinga na mwingine anayehusishwa na udhaifu wake, na uzito wa kila mmoja hutofautiana kati ya aina moja ya mbung'o na nyingine.

Visiwani kwenyewe, mdudu mwenye uzito zaidi katika maisha ya leo ni mbu, kwa kuwa malaria ni ugonjwa wa kila siku wa ukingo wa ziwa. Jumuiya ya vijidudu vya mbu huundwa kwa njia tofauti kabisa. Kiluwiluwi huangulika majini akiwa karibu hana kitu utumboni, humeza bakteria wa dimbwi alimozaliwa, na bila bakteria hao hawezi kukua ipasavyo; anapogeuka pupa kisha mbu kamili, humwaga sehemu kubwa ya vijidudu vyake, halafu huanza kukusanya vingine kutoka katika maji anayotokea na utomvu mtamu wa mimea. Mlo wa kwanza wa damu huwafanya bakteria waliobaki waongezeke ghafla, na ni katika utumbo huo uliojaa ndipo kimelea cha malaria hulazimika kupenya. Mwaka 2011 watafiti waliwaeleza bakteria wa jenasi ya *Enterobacter*, waliopatikana katika mbu wa Zambia, ambao hutoa kemikali kali za oksijeni zinazoua vimelea hivyo kabla havijavuka ukuta wa utumbo.

Kwa kuwa mbu hupata wakaazi wake majini, historia ya makazi ya wavuvi inaingia ndani ya mwili wake. Katika ukanda huu mbu wa malaria huzaliana si katika madimbwi ya bara tu bali pia kwenye vidimbwi vya kando ya ziwa na katika maji yanayotuama ndani ya mashua zilizovutwa ufukoni. Noboru Minakawa na wenzake walieleza mwaka 2008 kwamba katika vijiji vya wavuvi vyandarua vilivyogawiwa kwa ajili ya kulala vilikuwa vikitumika kuanikia omena, jambo ambalo ni rahisi kulilaumu kwa mtu asiyejua kwamba omena wasiokauka upesi huoza, na familia hupoteza mapato ya usiku mzima. Rusinga ilijaribu njia nyingine kati ya 2012 na 2015, mitego yenye harufu ya binadamu inayotumia umeme wa jua, na maambukizo ya malaria yalikuwa chini kwa takriban asilimia 30 katika nyumba zilizowekewa mitego.

Ugunduzi mkubwa zaidi wa ukanda huu ulitangazwa mwaka 2020. Kundi la icipe likiongozwa na Jeremy Herren, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, lilieleza katika jarida la *Nature Communications* juu ya kijidudu kilichopatikana katika mbu aina ya *Anopheles arabiensis* wa Kenya, wakiwamo wa kando ya Ziwa Victoria. Kijidudu hicho, kilichopewa jina la Microsporidia MB, ni cha kundi la mikrosporidia, yaani viumbe wenye ujamaa na kuvu ambao huishi ndani ya seli za wenyeji wao tu. Mbu waliokuwa nacho hawakukutwa na vimelea vya malaria, na walipolishwa damu yenye vimelea hivyo katika maabara, maambukizo hayakushika. Wakati huo huo hawakufa mapema wala hawakupunguza kutaga, jambo lisilotarajiwa kwa kundi ambalo kwa kawaida huwadhuru wadudu.

Kijidudu hiki hurithiwa kutoka kwa mama kupitia yai, kama walivyo bakteria wa mbung'o katika maziwa, lakini mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba hupita pia kati ya dume na jike wakati wa kujamiiana. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu mbu dume haumi, na madume yaliyobeba kijidudu yangeweza kuachiliwa bila kumwongezea mtu yeyote idadi ya mbu wanaomnyonya damu. Ulimwengu una mfano wa karibu: bakteria *Wolbachia*, waliotambuliwa nchini Marekani mwaka 1924 ndani ya mbu wa kawaida wa nyumbani, walipoingizwa katika mbu wa dengue wa mji wa Yogyakarta, Indonesia, walipunguza ugonjwa huo kwa asilimia 77 kulingana na matokeo ya 2021. Microsporidia MB inaizidi *Wolbachia* kwa jambo moja, kwamba haikuhitaji kuhamishwa kutoka kwa mdudu mwingine, kwa kuwa ilikuwamo ndani ya mbu wa malaria tangu awali. Kwa kawaida, hata hivyo, hukutwa katika idadi ndogo, mara nyingi chini ya asilimia 10 ya mbu, na huongezeka baada ya mvua.

Kazi ya kuiongeza inafanywa kwa mkono na kwa uvumilivu, kwa sababu kijidudu hiki hakiwezi kuoteshwa nje ya mbu. Majike hunaswa porini na majumbani, kila mmoja huachwa atage peke yake, kisha mwili wake hupimwa vinasaba, na mayai ya mama aliyebeba Microsporidia MB hutunzwa ili kuanzisha ukoo mpya. Utaratibu huo unakaribiana sana na ule ambao Louis Pasteur aliueneza Ufaransa katika miaka ya 1860, wakati mikrosporidia wa aina nyingine walipokuwa wakiangamiza viwavi wa hariri: kila nondo jike aliachwa atage peke yake, akasagwa na kuchunguzwa kwa hadubini, ila Pasteur alitupa mayai ya mama mwenye vijidudu na kuhifadhi ya asiyekuwa navyo, na watafiti wa pwani ya Homa Bay huyahifadhi yale ambayo yeye angeyatupa.