Klachi Nzito ya Majengo

Mara ya kwanza nilipokanyaga klachi ya pikapu ya mjomba wangu, hapa Majengo, Meru, nilidhani nimekanyaga jiwe. Mguu wa kushoto ulitetemeka, gari likaruka kama mbuzi, kisha likazima. Vijana wa boda pale steji walicheka bila huruma.

"Mama, hiyo klachi si nyoka," mjomba akasema. "Kanyaga mpaka chini, halafu uachilie polepole. Sikiliza injini."

"Lakini ni nzito, Mjomba."

"Sisi wote tulizoea."

Hakuwa ananifundisha kwa raha. Goti lake la kushoto lilikuwa limekataa, na ndizi za wateja wa Embu hazingoji goti. Lakini hilo neno, tulizoea, lilinikaa kichwani. Walizoea nini hasa?

Tuanze na chuma chenyewe. Klachi ni bamba la duara linalobanwa kwenye gurudumu zito la injini, lile mafundi huita flaiwili. Kinachobana ni springi kali. Ukikanyaga pedeli, unapigana na hiyo springi ili injini na magurudumu viachane kidogo, ubadilishe gia. Injini inayovuta mzigo mkubwa hutaka springi kali zaidi, la sivyo bamba linateleza na kuungua. Halafu kuna waya. Magari mengi ya zamani yalipitisha nguvu ya mguu kwa waya, na waya ukishika kutu, unasukuma springi na kutu kwa pamoja. Yanayotumia mafuta ya haidroliki huwa laini kidogo.

Sasa rudi nyuma, 1973. Mwaka huo Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum ya uchukuzi. Kabla ya hapo zilikuwa zikikwepa polisi, na jina lenyewe limebaki kutoka enzi za nauli ya senti thelathini. Gari la kazi lilikuwa pikapu ya Peugeot 404, imejengewa bodi nyuma na kuwekwa mabenchi. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa tangazo: 404 ilikuwa imeshinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Baadaye Peugeot 504 zikachukua safari za mji hadi mji. Zote gia za mkono, zote zimejazwa kupita kiasi.

Fikiria dereva wa wakati huo. Abiria anashuka, klachi. Abiria anapanda, klachi. Kilima, klachi tena. Na barabara ya Meru kwenda Embu ni vilima na mabonde kutoka Nkubu hadi Chuka hadi Runyenjes, kwa sababu mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya imeikatakata nchi. Kwa siku moja mguu mmoja ulipiga kazi mamia ya mara. Sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kazi Februari 2004, abiria walipata mikanda na matatu zikafungwa spidi gavana. Lakini goti la dereva lilibaki shida yake mwenyewe.

Ndivyo uzito ukageuka sifa. Dereva mkali ni yule mwenye mguu wa chuma, na msichana akiomba kujifunza anaambiwa hiyo gari si ya wanawake. Nimeambiwa mara ngapi? Nimeacha kuhesabu.

Wenzetu wa mbali walitoka huko mapema. Marekani, General Motors ilikuwa tayari inauza gia otomatiki za Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za 1940. Kwetu, kilicholeta otomatiki mpaka kwenye maegesho ya ploti ni magari yaliyotumika kutoka Japani. Leo rafiki zangu wa Nairobi wanaendesha miaka na miaka bila kujua mguu wa kushoto una kazi gani. Siwalaumu. Lakini mzigo wa ndizi bado unasafiri kwa klachi.

Na kuna jambo ambalo si la mzaha. Kati ya Chogoria na Chuka kuna daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Sizungumzii chanzo cha ajali ile. Nasema tu kwamba pale mjomba hunirudisha gia ya chini kabla mteremko haujaanza, ili injini ishike gari na breki zisichemke. Mtu anayeogopa klachi nzito huchelewa kubadilisha. Mwingine huweka fri akiokoa mafuta. Mteremko hauna huruma na hao wawili.

Mwezi wa pili wa mafunzo nilichoka, nikaipeleka pikapu kwa fundi. Alishusha gia boksi, akatoa bamba la klachi, akaniwekea mkononi. Lilikuwa limeisha mpaka ripiti zinaonekana. "Bamba likiisha, springi inakaa vibaya, na pedeli inazidi kuwa nzito," akaniambia. "Hii imekuwa ikilia muda mrefu." Kumbe sehemu kubwa ya ule uzito haikuwa ya gari. Ilikuwa ugonjwa ambao mjomba aliuzoea kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Tulipofunga bamba jipya na waya mpya, mjomba aliingia upande wa dereva, akakanyaga mara moja. Akakanyaga tena. Alikaa kimya, mkono juu ya goti.

"Miaka yote hiyo," akasema.

Kisha akashuka, akazunguka taratibu mpaka upande wa abiria, akafunga mkanda.

"Haya, Mama. Wateja wa Embu wanangoja."

Kabla ya Nithi, nilirudisha gia ya pili bila kuambiwa.