Ugomvi wa Draiva: Faili Moja, Wenyewe Wawili



Wengi hudhani ugomvi wa draiva za vyombo vya maabara (watafsiri wetu wanataka tuseme viendeshi, nami sina neno) ni ubovu wa Windows tu. Hasha. Ukiufuatilia nyuma utakuta ulizaliwa na mapatano.

Tuanze na kebo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Hewlett-Packard walichoka kuunganisha vyombo vyao vya kupimia kwa nyaya za kila namna, wakabuni HP-IB. Mwaka 1975 IEEE wakaifanya kanuni ya wote, IEEE 488, ambayo wengi wanaijua kwa jina la GPIB. Plagi ya pini 24, vyombo visivyozidi 15 kwa mkupuo, kebo zote pamoja zisipite mita 20. Voltimita ya huyu ikaweza kukaa na osiloskopu ya yule. Ila mapatano yaliishia kwenye waya. Chombo kiamrishwe kwa lugha gani? Kila mtu na yake! Hilo lilirekebishwa polepole, kwa IEEE 488.2 mwaka 1987, kisha SCPI mwaka 1990.

Upande wa kompyuta ndio ulioachwa wazi. National Instruments wa Austin, Texas, walikuwa na kadi zao na draiva yao, NI-488. HP nao walikuwa na kadi zao na maktaba yao, SICL. Programu iliyoandikwa kwa huyu haikufaa kwa yule. Mwaka 1993 ukaundwa umoja wa VXIplug&play, na humo ikatoka VISA: mlango mmoja, kadi iwe ya nani. Kwenye Windows mlango huo ni faili iitwayo visa32.dll.

Basi hapo ndipo fitina ilipoanzia. Ili programu isijali kadi ni ya nani, kila kampuni ililazimika kuleta faili yenye jina lile lile na kuiweka folda ile ile ya System32. Una kadi ya NI, mwenzio kakuletea ya Agilent (hao walimegwa kutoka HP mwaka 1999). Unasakinisha ya pili, inakalia kiti cha ya kwanza. Jana vipimo vilikuwa vinakuja, leo programu inadai haioni kadi, na kebo haikuguswa. Maabara tajiri inayonunua kila kitu duka moja haiyajui haya. Yanaipata ile inayoishi kwa misaada na mitumba, ambako kila chombo kina baba yake.

Nafuu ilikuja waliposogeana. Agilent waliruhusu VISA yao ikae ya pili, kwa jina la agvisa32.dll, visa32.dll ikabaki ya NI. NI wakaweka ndani ya yao kipande kiitwacho Tulip, cha kuifikia kadi ya Agilent. Wengi walikwama hapo, maana Tulip lazima uiwashe mwenyewe. Mwaka 2002 VXIplug&play ikaingia IVI Foundation, na siku hizi VISA huja na msimamizi wa migogoro: unachagua ya nani iwe kuu na kadi ipi ihudumiwe na nani.

Majina yamebadilika. Agilent ya vyombo hivyo ni Keysight tangu 2014, na NI ilinunuliwa na Emerson mwaka 2023. Faili bado ni visa32.dll, na ya biti 64 ni visa64.dll. Mwenye kadi za kampuni mbili, kabla hajalaumu kebo, aitazame faili hiyo kwenye sifa zake: mwenye haki ameandikwa humo.